Kikao cha elimu ya mpiga kura katika shehia: mwongozo kamili kwa jumuiya zisizo na upande

Malalamiko ninayoletewa na jumuiya ndogo za Unguja na Pemba ni ya aina tatu. La kwanza: "Tulialika shehia nzima, wakaja watu tisa." La pili: "Walikuja wengi, kikao kikageuka mkutano wa chama, tukafunga virago." La tatu wenyewe hawalioni kuwa ni kushindwa: "Walikuja watu mia na walipiga makofi." Nikiuliza wangapi katika hao mia waliondoka wakijua kuwa siku ya kura watapewa karatasi tano, wananitazama tu.

Mwongozo huu ni wa kikao kimoja, watu thelathini hadi arubaini, ndani ya shehia moja, yaani eneo dogo kabisa la utawala hapa Zanzibar. Mkutano wa uwanjani wenye vipaza sauti waachieni wagombea. Nyinyi kazi yenu ni kuhakikisha kila aliyekuja anatoka akijua mambo manne: kama jina lake limo kwenye Daftari la wapiga kura, kituo chake kiko wapi, kila karatasi inamchagua nani, na namna ya kuitia alama isiharibike.

Hotuba ya umuhimu wa kupiga kura haimo humu. Waliokuja wanaujua, ndiyo maana wakaacha kazi zao.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutangaza lolote

- Nakala ya cheti cha usajili wa jumuiya kutoka kwa Mrajis.
- Kibali cha kutoa elimu ya mpiga kura kutoka Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar (ZEC). Kwa kuwa mtazungumzia pia kura ya Rais wa Muungano na Mbunge, shughulikieni na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi (INEC).
- Nakala za vipeperushi na mwongozo wa elimu uliotolewa na Tume zenyewe.
- Karatasi za kura za mfano, aina tano, arubaini kwa kila aina (themanini kwa ya Mwakilishi na ya Mbunge, maana hizo zitatumika mara mbili), na nyingine kumi za akiba kila aina.
- Ndoo tano za plastiki zenye vifuniko vilivyotobolewa mstari. Ndizo masanduku.
- Shuka mbili nyeupe, kamba na vibanio vya nguo. Hicho ndicho kibanda cha siri.
- Kalamu za wino, na karatasi kubwa za kubandika ukutani.
- Kadi kumi zilizoandikwa matatizo ya kijiji (nitazieleza katika hatua ya sita).
- Daftari la maswali. Si la mahudhurio, la maswali.
- Maji ya kunywa, birika la kahawa na kashata.

Kuhusu karatasi za mfano, jumuiya nyingi hukosea hapo hapo. Msiweke majina ya wagombea wa kweli, wala alama ya chama, wala kitu kinachofanana nayo. Jogoo, jembe, nyota na kiganja viacheni. Tumieni matunda: doriani, shokishoki, fenesi, shelisheli. Na mchapishe kwa wino mweusi mtupu. Niliwahi kuona karatasi ya mfano yenye embe la njano na ndizi ya kijani, rangi za chama, na mzee mmoja akaishika juu akauliza, "Hii si kampeni hii?" Kikao kilikwishia pale.

Posho sishauri. Mkiwapa watu pesa ili waje kusikia habari za kura, kesho yake mtaani itasemwa mmenunua kura, na hamtapata wa kuwatetea. Kahawa na kashata zinatosha.

## Hatua ya 1: Chagueni watu watakaosimama mbele

Wanne wanatosha: wawili wa kuzungumza, mmoja wa kusimamia zoezi la kura, mmoja wa kuandika maswali. Angalau wawili wawe wanawake.

Asiwepo mwenye cheo cha chama, hata cha tawi. Wala aliyewahi kugombea kura za maoni, hata akisema yameshapita. Mwanachama wa kawaida anaweza kufanya kazi hii vizuri, maana hapa kwetu kumpata mtu mzima asiye na chama moyoni ni kazi kubwa kuliko uchaguzi wenyewe. Kinachotakiwa ni kuwa hajulikani kwa ukereketwa.

Fanyeni ukaguzi ambao wengi wanausahau: fungueni picha za WhatsApp na Facebook za kila mmoja wenu. Vijana wa shehia wataziangalia kabla hamjafika. Picha ya mkutano wa mwaka juzi, kofia ya chama, wimbo wa kampeni kwenye status, vyote vinasema kabla nyinyi hamjasema.

Nguo ni hivyo hivyo. Kijani na njano hapana, zambarau ya chama kingine hapana, na kanga ikaguliwe maandishi na rangi. Nyeupe, kahawia au kijivu ni salama. Katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni mwenzetu alikuja na mtandio wa zambarau uliokuwa wa sikukuu tu, maskini, hana habari. Safu mbili za mbele ziliinuka zikaondoka bila kuaga.

Jambo la mwisho katika kuchagua watu ni lahaja. Mtu wa Mjini anayezungumza kama mtangazaji wa redio hatasikilizwa Makunduchi wala Tumbatu kama atakavyosikilizwa mwenyeji. Mmoja kati ya wazungumzaji wawili awe wa pale pale au wa shehia ya jirani.

Mmefanikiwa hatua hii ikiwa mnaweza kuyataja majina yenu manne mbele ya watu wa vyama viwili tofauti na hakuna anayekunja uso.

## Hatua ya 2: Kibali, sheha na vyama

Anzeni na kibali. Tume hutangaza muda wa kupokea maombi ya jumuiya zinazotaka kutoa elimu, na aliyechelewa hubaki nje. Ombeni mapema, wekeni mtaala mtakaofundisha na orodha ya shehia. Bila karatasi hiyo mkononi, malalamiko ya mtu mmoja tu yanatosha kuwasimamisha.

Kisha sheha, kiongozi wa shehia. Barua ifike kwake wiki moja kabla, pamoja na nakala ya kibali, na mrudi na nakala iliyopigwa muhuri. Hii ni taarifa na ni adabu ya kuingia mji wa watu. Lakini kumbukeni kuwa sheha ni mteule wa serikali, na wapo watakaomtazama kwa jicho hilo. Akaribishwe asalimie, asomewe dua pamoja na wengine, kisha akae na wananchi. Asiwe mwenyekiti wa kikao na kikao kisifanyike barazani kwake.

Siku ile ile mnayopeleka barua kwa sheha, pelekeni nakala kwa kila tawi la chama lililomo katika shehia. Siku moja, maneno yale yale, bila kumtanguliza mmoja. Watu huogopa hatua hii wakidhani wanawaita wagomvi, na mimi nimeona kinyume chake: chama kilichopewa barua kinatuma mtu wa kusikiliza. Kilichonyimwa kinatuma watu wa kuvunja.

Onyo: tawi lolote likijitolea viti, maturubai au spika, kateni kwa upole. Viti vina maandishi mgongoni.

## Hatua ya 3: Mahali na wakati

Kikao cha watu tisa kwa kawaida hakikususiwa. Kiliwekwa saa ambayo watu hawapo.

Chukueni kalenda ya mwezi wa Kiislamu kwanza. Pwani ya mashariki ya Unguja na kaskazini ya Pemba, wanawake wa mwani hushuka baharini maji yakiwa makavu, na siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, ndizo za kazi kubwa. Mkiweka kikao cha Paje au Jambiani asubuhi ya bamvua mtazungumza na viti. Wekeni siku za maji mafu, au baada ya alasiri.

Wavuvi wana mahesabu yao. Kojani na Tumbatu wanaume wengi huenda dago wakakaa wiki nzima na zaidi mbali na nyumbani. Ulizeni kamati ya wavuvi siku ya kurudi. Pemba wakati wa karafuu usijaribu kabisa mchana, mtu aliye juu ya mkarafuu hawezi kuteremka kwa ajili ya ndoo zako tano. Wakati huo ni baada ya isha, na zoezi liwe fupi. Ramadhani ni baada ya tarawehe, au msubiri iishe. Ijumaa asubuhi msiiguse.

Mahali: darasa la skuli ndiyo bora kuliko kote, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Lina viti na ukuta wa kubandikia, na kila mtu aliwahi kukaa pale akiwa mtoto. Ukumbi wa ushirika unafaa pia. Uwanja wa mpira unafaa kwa vijana tu.

Maskani hapana. Hata kama ndipo penye kivuli kizuri na watu wamekwishakaa wanacheza bao, maskani nyingi zina chama chake, na hata zisizo na bendera zina sifa. Asiye wa pale hatakanyaga, na aliye wa pale atadhani mmekuja kumuunga mkono.

Kutangaza, msitumie gari la matangazo, kwani likipita tu watoto wanalikimbilia wakidhani mgombea. Peleka habari kwa vikundi vya hisa vya wanawake, kwa walimu wa madrasa, kwa kamati ya wavuvi, kwa vijana wa bodaboda na kwa watu wenye ulemavu kupitia jumuiya zao. Kila kundi lipewe nafasi zake: nane, nane, nane, na kuendelea. Ukisema "waje wote", watakuja wa upande mmoja.

## Hatua ya 4: Hakikisheni nyinyi wenyewe mnajua

Msiende kufundisha mambo mliyoyasikia kijiweni. Kaeni siku moja na vipeperushi vya Tume na mtahiniane. Kila mmoja wa wale wanne aweze kueleza haya bila kusoma.

Mzanzibari mwenye sifa anapiga kura tano. Tatu ziko chini ya ZEC: Rais wa Zanzibar, Mwakilishi (wa Baraza la Wawakilishi) na Diwani. Mbili ziko chini ya INEC: Rais wa Jamhuri ya Muungano na Mbunge. Wenzetu wa Tanzania Bara wana tatu tu, na ndiyo maana tangazo la televisheni linalosema "karatasi tatu" huwachanganya watu wetu kila mara.

Umri ni miaka 18. Lakini kutimiza umri peke yake hakumpi mtu kura ya Zanzibar. Kuna sharti la ukaazi, na kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kina nafasi yake katika uandikishaji. Mtanzania anayeishi Zanzibar asiyetimiza masharti ya daftari la ZEC huandikishwa na INEC kwa uchaguzi wa Muungano. Kwa hiyo mfanyakazi wa hoteli wa Nungwi aliyetoka Bara mwaka jana na kijana wa Nungwi aliyezaliwa pale wanaweza kukaa kiti kimoja kwenye kikao chenu na majibu yao yakawa tofauti. Msiwajibu kwa pamoja.

Daftari lina shughuli za aina nne, na watu huziita zote "kujiandikisha": uandikishaji wa mpiga kura mpya, uhakiki wa aliyemo, uhamisho wa aliyehama, na kupata kadi nyingine kwa aliyepoteza. Mtu akisema "nilijiandikisha zamani", ulizeni amehama? Aliyeolewa kutoka Wete kwenda Mkoani na jina lake likabaki Wete ataamka siku ya kura akiwa mbali na kituo chake, na Pemba si ndogo kiasi hicho kwa mwenye mtoto mgongoni.

Kura ya mapema nayo iwekeni wazi. Ni kwa waliotajwa na sheria, kama wasimamizi na askari watakaokuwa kazini siku yenyewe. Mwaka 2020 ilipigwa 27 Oktoba na wananchi wote wakapiga 28 Oktoba. Mwananchi wa kawaida haimhusu, na akijitokeza siku hiyo atazua kizaazaa bure.

## Hatua ya 5: Zoezi la kura, moyo wa kikao

Dakika sabini na tano jumla, arubaini ziwe za zoezi hili. Msianze na utambulisho mrefu wa jumuiya yenu, wafadhili wenu na malengo yenu manane. Dua, salamu, jina la jumuiya, sentensi moja: "Hatuna mgombea, hatuna chama, na hatutakuuliza wako." Kisha ulizeni: "Nani anajua kituo chake cha kura?" Waacheni wajibishane kidogo.

Pangeni ndoo tano mezani, kila moja na jina la nafasi. Tundikeni shuka kwenye kona. Kila mtu apewe karatasi tano, aingie nyuma ya shuka mmoja mmoja, aweke alama ya vema kwenye kisanduku cha tunda alitakalo, akunje, atoke, atumbukize kila karatasi katika ndoo yake.

Msiwaeleze kwanza! Hii ndiyo siri nzima ya zoezi. Mzunguko wa kwanza waache wafanye wanavyodhani. Mkieleza kwanza, watu watatikisa vichwa. Wakikosea kwanza, watasikiliza.

Halafu mimineni ndoo ya kwanza mezani, mbele ya wote, na mhesabu kwa sauti. Mtakutana na mwenye vema mbili, kwa sababu alipenda doriani na fenesi. Mtakutana na aliyeandika jina lake kwa heshima zote, na aliyeweka vema katikati ya mistari miwili, isijulikane anamtaka nani, na karatasi tupu. Inueni kila moja bila kutafuta ni ya nani na muulize: hii itahesabiwa? Wajibu wao. Kisha msimamizi aeleze kwa nini: nia ya mpiga kura haionekani, au ametambulika na siri imevunjika.

Mzunguko wa pili ni karatasi mbili tu, ya Mwakilishi na ya Mbunge, maana hizo ndizo zinazopishanishwa. Kipimo changu ni hiki: katika kura ishirini za mzunguko wa pili, zilizoharibika zisizidi moja. Zikizidi, rudieni, hata kama kahawa inapoa.

Asiyeona na asiyesoma wasirukwe wala wasifanyiwe. Sheria inamruhusu anayehitaji msaada kwenda na mtu anayemwamini mwenyewe. Fanyeni hivyo hivyo kwenye zoezi, na mteuzi awe yeye, si mwanawe aliyemkamata mkono. Muulizeni ofisa wa Tume wa Wilaya kama anaweza kuja na kifaa cha nukta nundu, watu wakishike kabla ya siku yenyewe.

Onyo kubwa ni siri ya ndani ya nyumba. Baada ya uchaguzi wa 2015 ziliripotiwa hapa Zanzibar habari za wanawake walioachwa na waume zao kwa sababu ya kura. Msilifanye jambo hili mhadhara mbele ya wanaume, mtawapa wanawake matatizo ya kurudi nayo nyumbani. Fanyeni hivi: wakati wa kuhesabu, mwambie mwanamume yeyote aliye mbele, "Mzee wangu, nionyeshe karatasi ya mkeo hapa." Atatafuta, atacheka, atashindwa. Zote zimekunjwa sawa. Wanawake wote chumbani watakuwa wameelewa na hakuna aliyetamka neno.

## Hatua ya 6: Kadi za matatizo

Mtu anaweza kuweka vema safi kabisa na bado asijue amempa nani kazi gani. Hapa ndipo wapiga kura wetu wanapodanganywa na wagombea wa pande zote, kwa sababu mgombea Ubunge anaahidi mfereji na mgombea Udiwani anaahidi paspoti.

Changanyeni zile kadi kumi, mgawe, na kila aliyepata aiweke mbele ya ndoo ya anayehusika. Mifano iliyonifaa:

Mfereji hautoi maji. Maji ni ya Serikali ya Mapinduzi, kupitia Mamlaka ya Maji Zanzibar, basi ni kwa Mwakilishi, aulize Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi. Skuli haina madawati: ndoo hiyo hiyo. Bei ya karafuu: hiyo hiyo pia, na Pemba kadi hii huleta kelele, ziacheni dakika mbili.

Paspoti imechelewa. Uhamiaji ni jambo la Muungano, basi ni Mbunge, aulize Dodoma. Polisi na utabiri wa hali ya hewa navyo ni vya Muungano, na wavuvi hushangaa kuwa ile taarifa ya upepo mkali wanayoisubiri kila jioni inaulizwa Bungeni.

Jaa la taka limefurika sokoni: Diwani, na wala msimpeleke mbali.

Kisha kadi za kubishaniwa, ambazo ndizo tamu. Skuli ya sekondari ni ya Zanzibar, lakini mtihani wa kidato cha nne unatoka Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ni la Muungano. Matokeo yakichelewa, nani? Elimu ya juu imo katika orodha ya mambo ya Muungano, na bado Zanzibar ina bodi yake ya mikopo ya wanafunzi. Uvuvi wa dau na mtumbwi pwani yetu ni wa Zanzibar, wa meli kubwa za bahari kuu una mamlaka ya pamoja yenye makao yake Fumba. Kadi hizi wekeni katikati ya ndoo mbili. Msilazimishe jibu moja, waambieni wamuulize mgombea wa nafasi zote mbili swali lile lile na wasikie nani atamsukumia mwenzake.

Mwisho wa zoezi kila kundi litunge swali moja la kumuuliza mgombea yeyote atakayekuja, lenye kiasi na muda ndani yake. "Mtatuletea maji?" si swali, jibu lake ni ndiyo kwa kila mtu. "Mfereji wa hapa skuli ulikuwa unatoa kila siku, sasa mara mbili kwa wiki. Utauliza nini, wapi, na utatuletea jibu lini?" Hilo linamtoa mgombea jasho, wa chama chochote.

## Hatua ya 7: Maswali yatakayowatega

Yatakuja. Jizoezeni majibu mafupi.

"Nyinyi mmetumwa na nani?" Onyesha kibali, taja aliyetoa fedha kama wapo, bila kupindapinda. Anayeficha mfadhili anaonekana ana la kuficha.

"Mwanangu, basi tumpe nani?" Kwa kawaida huulizwa na bibi, tena kwa nia njema. "Bibi, hilo ni lako na Mola wako, hata mama yangu simwambii." Usitanie kwa jina la mgombea yeyote.

"2015 tulipiga na ikafutwa. Kwa nini nijisumbue?" Hili ndilo zito, na wazungumzaji wengi hulikimbia au hujiingiza kutetea. Semeni yaliyotokea tu: kura zilipigwa 25 Oktoba 2015, tarehe 28 Mwenyekiti wa ZEC akatangaza kufuta uchaguzi wa Zanzibar, ukarudiwa 20 Machi 2016, na kura za Muungano za siku ile ile hazikufutwa. Hapo simameni. Mwenye uchungu apewe nafasi aseme, msimkatize wala msimwitikie. Na kutopiga kura hakuna adhabu kisheria, mwambieni hivyo hivyo. Ukimtisha, umemdanganya.

"Nikila pesa ya mgombea, lazima nimpigie?" Rushwa ya uchaguzi ni kosa, kwa mtoaji na mpokeaji. Na karatasi imekunjwa, kama mlivyoona.

Swali lolote msilolijua: "Sina jibu, naandika." Yule wa daftari aandike mbele ya muulizaji, na jibu lirudi ndani ya wiki kutoka ofisi ya Tume ya Wilaya. Mkirudi na jibu moja tu la kweli, kikao cha pili hakitahitaji mwaliko.

## Hatua ya 8: Kikaratasi cha kwenda nacho nyumbani

Kila mtu apewe kipande cha karatasi chenye mistari mitatu mitupu: kituo changu, kadi yangu ilipo, siku ya kwenda kuangalia jina langu. Ajaze mwenyewe, akae nacho.

Msikusanye namba za kadi. Msipige picha kadi za watu. Msichukue orodha ya majina yenye saini na namba za simu kwa ajili ya "ripoti ya mfadhili". Watu wamewahi kuombwa kadi zao na watu wa aina nyingi kwa sababu za aina nyingi, na jumuiya inayokusanya namba inafanana na hao. Mfadhili akitaka ushahidi, mpelekeeni idadi ya wanawake, wanaume na vijana, pamoja na picha ya ndoo.

Tume ikitangaza kuwa Daftari limewekwa wazi, hapo ndipo mpite tena mtaani, nyumba kwa nyumba, na neno moja: "Nenda kaangalie jina." Jina lililokosewa herufi, marehemu ambaye bado yumo, aliyehama, yote hurekebishwa wakati huo. Siku ya kura hakuna wa kumrekebishia mtu kitu.

## Hatua ya 9: Siku za mwisho

Kuanzia siku ya mwisho ya kampeni, kundi lenu la WhatsApp lipitishe matangazo ya Tume tu, yenye tarehe na nembo, na msisambaze sauti ya mtu asiyejulikana hata kama "inasaidia". Siku ya kura msibebe wapiga kura kwa gari lenu na msisimame karibu na kituo mkielekeza watu. Kibali cha elimu si kibali cha uangalizi. Anayetaka kuwa mwangalizi aombe kivyake, mapema, na asiwe yule yule aliyefundisha.

Kuna kazi moja iliyobaki, na inatakiwa ifanyike siku ile ile ya kikao, kabla hamjafunga mlango wa darasa. Zile karatasi za mfano zilizotiwa vema, zihesabuni zote, muone hakuna iliyotoka, kisha mzichome nje mbele ya watu waliobaki. Karatasi kumi za matunda zikiokotwa wiki moja kabla ya uchaguzi, zikapigwa picha kwa mbali kwenye giza, usiku huo huo zitakuwa "kura zilizokamatwa", na jina la jumuiya yenu litakuwa chini yake. Mwombeni sheha na wale wa matawi wakae mpaka moto uishe. Ndoo rudisheni kwa wenyewe, zikiwa zimeoshwa.